Mkufunzi katupatia kila mtu rangi kazini, sasa tunaitana kwa rangi. Hii nadharia ya integrali inasaidia kweli?

mwana_timu14:
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo maana jambo hili linanikosesha amani. Naongoza timu ya watu 14, mwezi uliopita tukaletewa semina ya siku 2 ya uongozi wa integrali, yaani kuangalia jambo kwa pande zake zote. Siku ya kwanza ilinigusa sana, tulifundishwa ile miraba minne ya Ken Wilber, mwandishi wa Marekani mwenye nadharia hii, yaani jambo lolote lina pande nne: yaliyo ndani ya mtu, matendo yake yanayoonekana, mazoea ya kundi, na mifumo tunayofanyia kazi. Nikasema hiki ndo nilikuwa nakitafuta siku zote.

Siku ya pili sasa. Tukajazishwa maswali, kila mtu akatoka na rangi yake, yaani ngazi yake ya ukuaji wa fikra. Nyekundu mbabe, bluu mtu wa sheria, chungwa anasaka mafanikio, kijani anataka maelewano, njano ndo anayeona picha nzima. Mi na mwenzangu mmoja tu tukawa njano na nakiri nilifurahi.

Wiki iliyofuata kwenye kikao dada mmoja wa stoo akasema fomu isainiwe kabla mzigo haujatoka, kijana mmoja akamrukia "hiyo ni bluu yako inaongea" watu wakacheka. Dada akafunga daftari lake, akaweka kalamu juu, hakusema tena mpaka tunatoka. Na alikuwa sahihi, mizigo miwili ilishapotea kwa sababu hiyohiyo! Mi nilinyamaza. Sasa nauliza, tatizo ni nadharia yenyewe au ni sisi tulivyoitumia?

mzee_wa_vikao:
Pole mkuu. Zile rangi hazikuanza kama rangi. Mwenye utafiti alikuwa Clare Graves, mwanasaikolojia wa Marekani, na yeye alitumia herufi mbilimbili: A-N, B-O, C-P na kuendelea. Herufi ya kwanza ni mazingira ya maisha yanayomkabili mtu, ya pili ni namna akili yake inavyojipanga kuyakabili. Umeona hapo? Kila ngazi ilikuwa na vitu viwili, mtu NA hali aliyomo. Rangi zilikuja baadaye kwa Don Beck na Chris Cowan walioendeleza kazi yake, kitabu chao kikatoka 1996, na rangi ni rahisi kukumbuka kweli ila ukishamwambia mtu "wewe bluu" ile nusu ya mazingira imeshapotea, amebaki yeye peke yake na lebo yake.

Huyo dada ana bluu gani? Anafanya kazi stoo ambako mzigo ukipotea anaulizwa yeye! Mweke kijana huyo stoo miezi mitatu aulizwe yeye uone kama hatakuwa wa kwanza kudai saini. Mimi kwa kweli neno "kubadilika kwa binadamu" linanipa shida likitumika kupanga watu kwenye ngazi, maana anayepanga hujikuta juu kila mara.

fundi_mifumo:
Naunga mkono ila msitupe miraba minne. Sisi tulikuwa na shida ya ripoti kuchelewa kila mwisho wa mwezi, tukahangaika na upande mmoja tu, semina za kujituma, motisha, kuzungumza na mtu mmojammoja, hakuna kilichobadilika. Siku moja tukachora ile miraba ubaoni tukajaza. Ndani ya mtu: watu wanaogopa kuleta ripoti yenye namba mbaya. Matendo: wanaifungua siku mbili kabla. Mazoea ya kundi: anayeleta mapema anaonekana anajipendekeza. Mfumo: data zenyewe zinafika tarehe 28 na ripoti inatakiwa tarehe 30!! Yaani miaka miwili tunawalaumu watu uvivu kumbe kalenda ndo ilikuwa inawanyima muda. Tukasogeza tarehe, afu ndo tukaanza kuongelea ule woga, na woga ndo ulichukua muda mrefu zaidi.

Hata ile Buurtzorg ya Uholanzi inayotajwa kwenye kila semina, shirika la wauguzi wa majumbani lililoanza 2006, watu husema wale wamefika ngazi ya juu. Mi nikiangalia naona timu zisizozidi watu 12, zinajipangia kazi zenyewe bila meneja, na kuna makocha wa kuwasaidia wakikwama. Muuguzi huyohuyo mpeleke penye mabosi watano juu yake, hizo "rangi za juu" utazitafuta.

nimejifunza_polepole:
Mi napingana kidogo na mzee hapo juu. Ukuaji wa mtu mzima upo, nimeuona kwangu. Robert Kegan, mwanasaikolojia aliyefundisha Harvard, anaeleza kwamba kukua ni pale kitu kilichokuwa kimekushika wewe, sasa unakishika wewe, unaweza kukitazama. Mi nilikuwa nawaambia vijana wangu waamue wenyewe, halafu saa 5 usiku nafungua barua zao kwa wateja narekebisha hadi koma. Nikafanya zoezi lake yeye na mtafiti mwenzake Lisa Lahey, unaandika unachotaka, unachofanya kinyume chake, halafu unachokilinda kwa siri. Nilichoandika safu ya tatu kilinitoa machozi: nisipohitajika, mimi ni nani? Ilinichukua karibu mwaka kuacha.

Ila hilo zoezi nililifanya MWENYEWE. Angenifanyia bosi mbele ya watu ningefunga daftari kama huyo dada. Kwahiyo jibu langu, kipimo cha ndani ni cha kujipima, usimpime mwenzio.

mwana_timu14:
Wakuu asanteni sana. Hilo la kipimo kuwa cha kujipima limenikaa. Jana nilimfuata dada stoo nikamwomba radhi, akaniambia kilichomuumiza si yule kijana, ni mimi kunyamaza. Leo kwenye kikao nikarudia kuomba radhi mbele ya wote, fomu inaanza kusainiwa Alhamisi. Kijana naye kamwomba radhi bila kuambiwa. Karatasi za rangi bado ziko ukutani, kesho nazitoa, ila wawili wanasema zao ziliwasaidia kujielewa na wanataka zibaki. Nifanyeje?

nimejifunza_polepole:
Wape wakae nazo kwenye droo zao. Ukutani zitoke zote, na uanze na ya kwako ya njano.

fundi_mifumo:
Na hapo zilipokuwa chora ile miraba minne, huo upotevu wa mizigo uwe wa kwanza kujazwa. Kalamu mpe dada wa stoo.