Fimbo nyepesi ya kuvulia trauti kwenye vijito vya Aberdare: namba 2, 3 au 5?

Mgeni wa Mtoni:
Wavuvi wenzangu, nawasalimu. Tangu utotoni nimevua perege mabwawani kwa ndoana na nyungunyungu, ila mwaka huu nimeazimia kujifunza kuvua trauti kwa nzi wa bandia katika sehemu za juu za mito ya Chania na Magura, kwenye milima ya Aberdare, ambako mahali pengine mtu huvuka maji kwa hatua nne. Samaki ninaowatarajia ni wadogo, wa sentimita 20 hivi. Muuzaji mmoja ananishauri ninunue fimbo ya namba 2 kwa kuwa ndiyo nyepesi kuliko zote dukani mwake. Mwingine anashikilia namba 5 ya futi 9, akidai kwamba hiyo hufaa popote. Fedha nilizonazo zinatosha fimbo moja tu. Nichukue ipi?

Mzee wa Gura:
Karibu, ndugu yangu. Kwanza tuondoe kosa moja: namba iliyoandikwa juu ya mpini haielezi uzito wa fimbo, bali uzito wa mshipi ambao fimbo hiyo imetengenezwa kuubeba. Wewe umezoea chubwi livute mshipi kwenda mbele, lakini nzi wa bandia ni manyoya na uzi tu, hana uzito wa kuvuta chochote, kwa hiyo mshipi wenyewe hufanywa mnene ili uwe ndio chubwi. Hupimwa futi 30 zake za mwanzo: namba 3 ni takriban gramu 6.5, na namba 5 ni takriban gramu 9. Kadiri namba inavyopungua ndivyo mshipi unavyotua kwa utulivu, jambo la maana sana katika maji maangavu ambamo trauti hukimbia hata kivuli cha mkono.

Kwa vijito unavyovitaja ningechukua namba 3 ya futi 7 na nusu. Mimi nilianza na ya futi 9, na asubuhi ya kwanza tu niliivunja ncha nikipita katikati ya mianzi, kabla sijalowesha hata nzi mmoja. Tena samaki wa sentimita 20 akishikwa na namba 5 huja kama jani. Kwa namba 3 fimbo hupinda hadi karibu na mpini, nawe unamhisi kila anapogeuza kichwa.

Binti wa Thego:
Shikamoo Mzee. Kuhusu namba 3 sina ubishi, ila kuhusu urefu naomba kutofautiana nawe kidogo. Ushauri wako unafaa msituni, lakini Magura huko juu hupita katika uwanda wa nyasi usio na mti wa kukwaza mtu, na mchana upepo huvuma kwa nguvu. Mahali kama hapo, fimbo ya futi 8 au 8 na nusu hukuwezesha kusimama mbali na ukingo, kisha ukainua mshipi juu ya mkondo wa kasi ulio kati yako na samaki, ili maji yasimburute nzi. Trauti akimwona nzi anakwenda mbio kuliko povu lililo kando yake, hamgusi.

Namba 2 mimi sikushauri hata kidogo. Ni fimbo ya kupendeza mikononi mwa aliyekwisha kujua, ila kwa anayeanza, upepo wa saa nane mchana utamrudishia nzi usoni.

Fundi Ndoana:
Nami niongeze la ununuzi. Zipo fimbo za nyuzi za kaboni na zipo za nyuzi za kioo. Ya kaboni ni nyepesi na hunyooka upesi. Ya kioo hupinda taratibu, nayo humsaidia mvuvi anayetupa mshipi mita tano au sita tu, kwa sababu hupinda hata mshipi mfupi unapokuwa nje. Usiridhike kuitikisa dukani ikiwa tupu, kwani fimbo isiyo na mshipi haikuambii kitu. Omba ipitishwe mshipi wa namba ileile, funga kipande cha sufu badala ya ndoana, kisha itupie majanini nje. Chagua ya vipande vinne, maana hiyo huingia begini ukapanda nayo matatu bila kumsumbua mtu.

Uzi wa mwisho, ule unaofungiwa nzi, unene wake usizidi milimita 0.15, na kile kimwiba cha ndoana ukibane kwa koleo, ili samaki mdogo umwachilie bila kumchana.

Mgeni wa Mtoni:
Nawashukuru nyote. Nimeamua kutafuta ya nyuzi za kioo, namba 3, futi 8, ili nisiwaudhi Mzee na Binti. Je, nikishaipata naweza kwenda peke yangu?

Mzee wa Gura:
Futi 8 nimeikubali, lakini kwenye mianzi itenganishe. Peke yako usiende. Mbali na leseni ya uvuvi, ndani ya hifadhi utalipa kiingilio cha KWS, yaani Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, na langoni uombe askari wa kufuatana nawe, kwa sababu nyati hupenda kulala kwenye vichaka vya ukingoni, na kelele za maji humfanya asikusikie mpaka umefika puani mwake.