Tripodi ukutani Forodhani: aliyewahi, zamu au safu? Tulinganishe

Mkaazi_wa_Shangani (Unguja)

Assalaamu alaykum wanajukwaa, na wasio katika salamu hiyo, habari zenu za jioni. Ninaleta jambo ambalo limekuwa likinikera kwa miezi kadhaa, na ambalo Ijumaa iliyopita lilinikosesha picha niliyoisubiri tangu saa kumi na moja.

Wanaoifahamu Forodhani, bustani ya ufukweni hapa Unguja, wanajua kwamba ukuta wa bahari, pale vijana wa makachu wanapokimbia na kujirusha majini, una sehemu chache tu ambazo mpiga picha anaweza kusimama akampata mrukaji, jua na tanga la jahazi katika fremu moja. Ijumaa hiyo nilihesabu tripodi 14 (vile vishikizo vya kamera vya miguu mitatu) katika urefu usiozidi hatua ishirini. Yangu ilikuwa imetangulia. Nilikuwa nimefunga kichujio cheusi mbele ya lenzi na kufungua shata, yaani kipazia cha kamera kinachoingiza mwanga, kwa sekunde 30 ili mawimbi yalainike. Akaja kijana mmoja, hakusalimu, akapenyeza mguu wa tripodi yake katikati ya miguu ya yangu. Alipoghairi na kuiinua, mguu wake ulinasa kwenye wangu na kamera ikatikisika zikiwa zimebaki sekunde chache. Hakufanya kwa ubaya, na nadhani hata hakujua kwamba shata ilikuwa wazi.

Nimeona taratibu tatu zikitumika pale bila mtu yeyote kuzitangaza. Kuna ya aliyewahi, kwamba aliyefika kwanza ana haki ya nafasi yake mpaka aondoke mwenyewe. Kuna ya zamu, kwamba kila mmoja anapiga kwa dakika kadhaa kisha anampisha mwenzake. Na kuna ya safu, kwamba wa mbele wanakaa chini, wanaofuata wanapiga magoti, na wa nyuma wanasimama, ili wote wapige kwa pamoja. Zote nimezijaribu na kila moja imenikwamisha mahali. Ningependa kusikia wenzangu mnatumia ipi, na kwa nini.

Filamu_36 (Dar es Salaam)

Pole sana kwa picha, ndugu yangu. Mimi nilianza kazi hii wakati wa filamu, ukiwa na picha 36 mfukoni na hakuna cha kufuta, kwa hiyo mtaniwia radhi nikionekana mtu wa zamani. Ninasimama na utaratibu wa aliyewahi. Kufika mapema ni kazi: mtu ameacha chai yake, amesimama juani saa nzima, ametazama maji yanavyojaa na kutoka, amekwisha kujua jahazi litapita wapi. Anayefika dakika tano kabla ya machweo na kudai sawa na huyo anadai ujira wa shamba ambalo hakulilima.

Hata hivyo, nafasi ninayoizungumzia ni ile ya miguu ya tripodi yako na ya mwili wako, basi. Haikupi milki ya bahari yote iliyo mbele yako. Nimewaona watu wakimfokea mtalii aliyepita mita thelathini mbele yao kana kwamba wamekodi ufukwe.

Jambo jingine ni la kuondoka kidogo. Ikiadhiniwa Magharibi wengi wetu tunakwenda kuswali, na tripodi inabaki pale. Tulifundishwa chuoni kwamba aliyeinuka kwa haja yake kisha akarudi ndiye mwenye haki zaidi ya pale alipokuwa amekaa, na mimi naona adabu hiyo inatosha kabisa hapa, mradi uwe umemwambia aliye karibu nawe kwamba unarudi. Kuacha tripodi tupu tangu saa tisa alasiri ukaenda kula urojo ni jambo jingine, na huyo nitamsogezea kifaa chake bila kuomba ruhusa.

Dereva_wa_Mara (Narok)

Salamu kutoka bara. Mimi si mpiga picha wa mjini, lakini nimewaendesha wapiga picha kwa miaka mingi na ninaishi ndani ya utaratibu wa zamu. Kanuni za Maasai Mara zinataka magari yasizidi matano kwa mnyama mmoja kwa wakati mmoja. Wengine wakiwa wanasubiri, kila gari lina dakika 10, na wanaosubiri wanakaa umbali wa mita 100 au zaidi. Simba akiwa amelala chini ya mti, zamu ni utaratibu wa haki kuliko wowote. Aliyekuja wa kumi atapata picha ileile ya aliyekuja wa kwanza, kwa sababu simba haondoki.

Lakini mniulize kuhusu nyumbu wanapovuka mto. Hapo zamu hufa. Kundi linaweza kusimama ukingoni saa tatu nzima bila kutia mguu majini, kisha likaporomoka kwa dakika chache, na yule ambaye zamu yake imeangukia kwenye kusubiri hatakubali kumpisha mtu wakati vumbi limeanza kutimka. Nimeona marafiki wa gari moja wakigombania dirisha. Kwa hiyo swali langu kwa mwenye mada ni hili: machweo yenu ni simba aliyelala, au ni nyumbu mtoni?

Mkaazi_wa_Shangani (Unguja)

Ndugu dereva, umenifumbua macho. Ni vyote viwili, kwa mfuatano. Tangu saa kumi na moja hadi jua linapokaribia maji, vijana wanaruka tena na tena na mwanga unabadilika polepole. Huyo ni simba aliyelala, na zamu inawezekana kabisa. Lakini sisi tuko karibu na ikweta na jua letu huzama wima. Tangu ukingo wa chini wa jua uguse maji hadi juu kabisa kufunikwa, ni dakika mbili na sekunde kidogo. Ukiwagawia watu kumi na wanne dakika hizo mbili, kila mmoja anapata kama sekunde tisa. Baada ya hapo tunabakiwa na dakika kama ishirini za wekundu na buluu kabla ya giza kuingia, na hapo tena watu wanaweza kupishana.

Niongeze kwamba ile nafasi tunayoigombania haikai mahali pamoja mwaka mzima. Mnamo Juni, wakati wa kusi, jua linazama kulia kwa anayetazama magharibi, na mnamo Desemba, wakati wa kaskazi, linazama kushoto. Tofauti ya ncha hizo mbili ni kama nyuzi 47, yaani zaidi ya nusu ya pembe mraba. (Nalipenda jambo hili: upepo unapotoka kusini, jua linazama upande wa kaskazini.) Nawajua watu wanaong'ang'ania jiwe lilelile walilopatia picha nzuri mwezi wa pili, ilhali mwezi wa sita hatua arobaini kutoka hapo kuna nafasi tupu yenye pembe bora zaidi.

Harusi_Pwani (Mombasa)

Nawaheshimu wote waliotangulia, ila nadhani mmelisahau kundi moja. Sisi tunaopiga maharusi hatuji kujifurahisha. Bibi harusi amekwisha kulipia, ana gauni linaloburuta, ana saa moja tu kabla ya kuingia ukumbini, na picha yake haiwezi kurudiwa wiki ijayo. Katika bustani ya Mama Ngina mara nyingi tunawaomba wengine watupishe kwa dakika kumi, na walio wengi wanakubali kwa furaha. Kwa maoni yangu kazi ya malipo itangulie, na wapenzi wa machweo wasubiri, kwa kuwa jua litazama tena kesho.

Simu_Tu (Unguja)

Kaka wa Mombasa, nakuomba unisikilize bila kukasirika. Mimi sina tripodi wala lenzi ndefu; napiga kwa simu, na picha hizohizo ndizo ninazouzia ubuyu na khanga mtandaoni. Kwa hiyo nami ni kazi, ingawa hakuna anayeniona hivyo. Nimeambiwa mara nyingi nisogee na watu waliofika baada yangu, eti kwa sababu kamera yao ni kubwa. Mwezi uliopita timu ya harusi ilitandaza vifaa vyake upana wa ukuta, ikashika kile kitambaa cha kurudisha mwanga kikanimulika usoni, kisha msaidizi akaniuliza kama sioni kwamba watu wako kazini.

Kuomba dakika kumi si kosa, na binafsi sijawahi kumnyima bibi harusi. Kinachoniudhi ni kugeuza ombi kuwa haki. Anayeombwa lazima abaki na uwezo wa kusema "nisubiri kidogo, jahazi lile likishapita nakupisha," na jibu hilo lipokelewe bila kununiwa.

Kwa upande wa taratibu, mimi ni wa safu. Simu haina haja ya kimo. Nikikaa chini kabisa, miguu ikining'inia ukutani, simzibi mtu yeyote, na walio nyuma yangu wanapiga juu ya kichwa changu. Tatizo ni kwamba tripodi za watu wengi zimefungwa kimo cha kifua na wenyewe hawataki kuzishusha wala kuzipandisha, kwa hiyo safu ya katikati haipatikani.

Harusi_Pwani (Mombasa)

Dada, nimekuelewa, na neno "itangulie" nalirudisha. Niseme "iombe kwanza." Na hicho kitambaa kinachomulika watu, nakiri kwamba nasi huwa hatuangalii kinaelekea wapi mbali na uso wa bibi harusi.

Lenzi_Ughaibuni (Denver)

Kwa kulinganisha tu: huku Marekani, jimboni Utah, kuna tao la mwamba linaloitwa Mesa Arch, lililo ukingoni mwa genge, ambalo chini yake hugeuka rangi ya chungwa jua linapochomoza. Watu wanafika gizani na kujipanga bega kwa bega, na utaratibu ni huohuo wa aliyewahi. Nilichojifunza pale si suala la nafasi bali la mwanga. Anayechelewa anakuja na tochi kichwani, anageuka kumtafuta rafiki yake, na mwanga wake unapita juu ya mwamba wakati wenzake wote wamefungua shata. Picha kumi zinaharibika kwa shingo moja kugeuka. Nadhani hata Forodhani, katika zile dakika ishirini za buluu, anayewasha taa ya kamera ama ya simu anawadhulumu wengi kuliko anayesimama mbele yao, na ajabu ni kwamba hakuna anayemkemea.

Mrukaji_Mstaafu (Unguja)

Nimesoma yote na nimecheka kidogo, kwa sababu mnagawana ukuta kama kwamba sisi hatupo. Nimeruka makachu pale kwa miaka sita kabla goti halijanikataza. Naomba niwaeleze kinavyokwenda.

Mrukaji anahitaji njia ya kukimbilia. Anatoka nyuma, anakanyaga hatua saba au nane, anapiga mguu wa mwisho kwenye ukingo wa jiwe, na jiwe hilo limelowa kwa maji ya waliotangulia. Akiwa katika mbio hizo hatazami pembeni. Mguu wa tripodi ukiwa umeingia kwenye njia hata kwa kiganja kimoja, atausikia kwenye kifundo cha mguu wakati hawezi tena kusimama. Mwenzangu mmoja alijikwaa hivyo akaangukia ukingoni kwa mbavu, na mwenye tripodi aliikimbilia kamera yake kwanza.

Kwa hiyo, safu yenu hiyo ni nzuri, lakini msiipange kukata njia. Mkae kulia na kushoto, katikati pabaki wazi upana wa watu wawili waliofungua mikono. Utaratibu wa aliyewahi nao una kasoro moja ambayo hamjaitaja: wanaowahi sana ndio hukaa katikati ya njia, kwa kuwa wakati huo hatujaanza kuruka na wao wanadhani ni uwanja mtupu, na tukifika wanatuambia wao walitangulia.

Na jambo la mwisho, msiwe mnapiga kelele "ruka tena" watu kumi kwa sauti kumi. Chagueni mmoja azungumze nasi. Tukiwa na mtu mmoja wa kumsikiliza, tunaweza kuwapangieni nani aruke lini, na mkitaka watu watatu hewani kwa pamoja tutawapeni. Msisahau kwamba wengi wa wanaoruka sasa ni watoto wadogo, ambao wataruka kila wakiambiwa hata wakiwa wamechoka.

Filamu_36 (Dar es Salaam)

Mwanangu mrukaji, umetufunza. Ninaondoa nusu ya niliyoyasema: aliyewahi ana haki dhidi ya mpiga picha mwenzake, lakini hana haki dhidi ya njia yako.

Mkaazi_wa_Shangani (Unguja)

Basi nimefika mahali pa kuamua, angalau kwa nafsi yangu. Jumamosi hii nitakuwa pale saa kumi na nusu. Nitaanza kwa kumuuliza mrukaji yeyote njia yao inapita wapi siku hiyo, kisha nitaweka tripodi yangu pembeni mwa njia hiyo na kumwonyesha kila anayekuja. Kabla ya jua kugusa maji nitampisha yeyote atakayeniomba, kwa zamu. Jua likigusa maji sitampisha mtu, na nitamwambia mapema ili asije akaninunia. Ila nitashusha tripodi yangu hadi kimo cha magoti ili wa nyuma yangu apate. Shata ikiwa wazi nitainua mkono wa kushoto, na aliye karibu nami atajua kwamba hapo hata jiwe asiliguse. Kama kuna wanaoweza kuja tujaribu pamoja, karibuni.

Simu_Tu (Unguja)

Nitakuja. Kwa kuwa mimi ni wa safu ya mbele na jiwe lile linakuwa la moto jioni, nitaleta mkeka. Unatosha watu wanne, na atakayekaa avue viatu.

Mrukaji_Mstaafu (Unguja)

Mkeka uwekwe upande wa kushoto. Kulia ndiko tunakopandia tukitoka majini, utalowa.

Simu_Tu (Unguja)

Kushoto basi.