Naomba ushauri: sarafu ya fedha niliyookota shambani

Wakuu, habari zenu. Niko Uingereza. Kwenye shamba la mzee mmoja aliyeniruhusu kupita na mashine ya kutambua metali, nimeokota kisarafu cha fedha, chembamba kama ganda la kitunguu. Uso wa mfalme umefutika. Nyuma kuna msalaba mrefu unaofika ukingoni, vitone vitatu kila pembe, na herufi CIVI na LON (vipande vya "Civitas London", yaani jiji la London). Nahisi ni peni (sarafu ndogo ya Kiingereza) ya mfalme Edward I, mtindo ulioanza 1279, iliyogongwa London. Ukingo umepunguzwa, wajanja wa zamani walikuwa wakikata fedha kidogo kidogo.

Shemeji yenu anataka niisugue kwa dawa ya meno ing'ae. Nimegoma! Mnaojua, niihifadhije? Na mwenye shamba tugawane vipi?