Stoo za Kariakoo bado ziko kwenye XP: zihame au ziachwe?

Mkwaju: Wakuu, kuna maduka ya vipuri Kariakoo na Gerezani yanayoendesha stoo kwa FoxPro (programu ya zamani ya kutunza data) juu ya Windows XP. Microsoft waliacha kuihudumia XP Aprili 2014. Wenye maduka walazimishwe kuhama? Mimi nasema ndiyo. Kung'ang'ania ni ubahili, na zile printa za utepe zinazopiga kelele ni aibu mbele ya mteja.

BiStoo: Aibu ya nini? Pini za ile printa zinagonga, ndiyo maana inachapa nakala tatu za kaboni kwa mpigo mmoja. Leza haigongi, karatasi ya chini inatoka nyeupe. Risiti ya TRA inatoka kwenye EFD. Hapa tunazungumzia hati ya kutoa mzigo stoo.

Mkwaju: Si uchape mara tatu kwa leza?

BiStoo: Hapo ndipo wizi unapoingia. Karatasi tatu zilizochapwa mbalimbali, mtu anabadili idadi kwenye moja. Kaboni ni pigo moja, na saini moja inafika hadi chini. Wewe stoo huijui, ndugu yangu.

Mhasibu77: Yote hayo bure. WannaCry, kile kirusi cha 2017 kilichofunga mafaili na kudai fidia, ilipita na XP zote.

FundiWaya: Si kweli mkuu. Walioumia wengi walikuwa Windows 7. XP mara nyingi ilizimika tu. Ila kirusi kiliingilia mlango wa mtandao namba 445, kupitia SMBv1 (njia ya zamani ya Windows ya kushirikishana faili na printa), na XP haijui SMB nyingine. Itoe kwenye intaneti leo hii.

Na mnagombania printa huku data inakufa! Faili la dbf, ambamo FoxPro huweka rekodi, mwisho wake GB 2. Umeme ukikatika linapoandikwa, idadi ya rekodi kwenye kichwa cha faili inapishana na rekodi zenyewe, faharasa nayo inavurugika: unatafuta beringi, mfumo unasema haipo, na imo. Toa watumiaji wote, nakili folda nzima (dbf, fpt, cdx), ndipo ufanye REINDEX, amri ya kujenga faharasa upya. Msikimbilie PACK, inafuta moja kwa moja rekodi zilizotiwa alama ya kufutwa.

Mhasibu77: Diski yenyewe ikifa?

FundiWaya: Usingoje ife. Itoe, ichomeke kwa adapta ya IDE kwenda USB, inakili yote iwe faili moja kwa ddrescue (programu ya kunakili diski mbovu), kisha XP iendeshwe kutoka faili hilo kama kompyuta pepe (virtual machine) ndani ya kompyuta mpya. Ikigoma kuwaka na kuonyesha 0x0000007B, umeipa aina ya diski isiyoifahamu, chagua IDE kwenye mipangilio ya kompyuta pepe.

BiStoo: Na printa yangu? Programu inachapa LPT1, lile tundu la zamani la printa, na kompyuta mpya nyingi hazina tundu hilo.

FundiWaya: Bi, ishirikishe (share) kwenye kompyuta mpya, SMBv1 ikiwa imewashwa humo kwa mtandao wa ndani tu, kisha ndani ya XP andika: net use lpt1 \\kompyuta\printa /persistent:yes. Kaboni zako zitatoka tatu kama kawaida.

Mkwaju: Kelele je?

BiStoo: Funga mlango wa stoo.