Aleji ya chavua inanimaliza kila msimu wa maua, nifanyeje?

kipepeo_07
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Kila mwaka miti na nyasi zikianza kutoa maua ndo mateso yangu yanaanza, napiga chafya mfululizo mpaka mbavu zinauma, mchana kamasi jepesi halikatiki halafu usiku pua inaziba kote kote nalala mdomo wazi, macho yanawasha na nikiyafikicha yanavimba zaidi. Vidonge vya aleji nameza siku nikizidiwa, vinasaidia kidogo tu na vingine vinaniletea usingizi kazini. Pia kuna sprei ya kuzibua pua, hiyo inafungua fasta ila siku hizi nikiiacha pua inaziba kuliko mwanzo. Kuna aliyepata nafuu ya kweli humu? Alifanya nini?

jani_bichi
Pole sana mkuu. Anza na hiyo ya kuzibua, kama ni ya oksimetazolini au zailometazolini inabana mishipa ya damu ndani ya pua, ndo maana nafuu inakuja haraka, lakini haitakiwi kuzidi siku 3 mpaka 5, ukipitiliza kila ikiisha nguvu pua inavimba upya na unajikuta huwezi kukaa bila hiyo chupa. Mfamasia au daktari atakuelekeza namna ya kuiacha.

Kwa aleji kali kama yako dawa yenyewe hasa ni sprei ya steroidi ya puani (steroidi ni dawa ya kutuliza uvimbe), kama flutikasoni, mometasoni, budesonidi na nyinginezo. Shida yake inataka uvumilivu, nguvu yake kamili inaweza kuchukua hadi wiki 2, sasa watu wanapuliza siku mbili hawaoni kitu wanaitupa kabatini. Ni kila siku, hata siku umeamka pua iko safi, na ikiwezekana uanze wiki 1 au 2 kabla ya msimu wako. Na namna ya kupuliza ni muhimu mno jamani: penga kwanza, inamisha kichwa mbele kidogo, tundu la kulia tumia mkono wa kushoto na la kushoto mkono wa kulia, ncha ielekee upande wa sikio, sio ule ukuta wa katikati, maana pale pakipigwa kila siku panakauka na damu inaanza kutoka. Vuta hewa taratibu, ukivuta kwa nguvu dawa yote inaishia kooni.

Vidonge chagua visivyoleta usingizi sana, loratadini au feksofenadini.

mama_wawili
Mimi naongezea upande wa kuikwepa chavua yenyewe, yaani ule unga wa maua unaopeperuka hewani, binti yangu ana hali hiyo hiyo. Inaganda kwenye nywele na nguo, kwa hiyo jioni anabadili nguo na kuosha nywele kabla hajagusa kitanda, la sivyo analalia chavua usiku kucha. Shuka hatuaniki nje msimu ukipamba moto. Kabla ya sprei anasafisha pua kwa maji ya chumvi, ila maji yawe yamechemshwa yakapoa, msitumie ya bomba moja kwa moja, kuna amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, anayeingilia puani, ni nadra lakini anaua. Macho anatumia matone ya ketotifeni.

kipepeo_07
Asanteni sana aisee. Ila hiyo steroidi naiogopa, si inaharibu mwili? Halafu usiku nakohoa na kifua kinatoa mlio kama filimbi, nayo ni aleji?

jani_bichi
Hapo kwenye kifua nenda hospitali wiki hii hii, usisubiri msimu uishe. Mlio huo na kikohozi cha usiku inaweza kuwa pumu, hivi vitu mara nyingi vinaenda pamoja, na ukifika mahali huwezi kumaliza sentensi bila kuhema hiyo ni dharura, kimbia saa hiyo hiyo. Kuhusu steroidi, ya puani dozi yake ni ndogo na inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Ya kuogopa ni ile sindano ya steroidi ya kukaa mwilini muda mrefu, hiyo inagusa mwili mzima.

Dawa zote hizi zikishindwa muulize daktari kuhusu tiba ya kuzoesha mwili, unapimwa kujua chavua ipi inakusumbua kisha unapewa hiyo hiyo kidogo kidogo kwa sindano au chini ya ulimi. Inachukua kama miaka 3 mpaka 5, na pumu kama ipo lazima idhibitiwe kwanza. Ukienda mwambie mwezi dalili zinapoanza na zinapoisha, itamsaidia kujua kama ni miti au nyasi.