Forester imekuja na tairi za Japani, kashata (meno ya raba) bado zipo: niende nazo Mbeya au nibadilishe?

Mnyaki wa Kimara

Wakuu habari za jioni. Nawataka wale wa magari, wanasiasa piteni kimya kimya.

Nina Subaru Forester SG5 ya turbo, imetoka bandarini mwezi wa sita. Nyeusi, bodi safi, ndani hata harufu ya sigara hakuna. Desemba hii kundi letu la Subaru tunapandisha Mbeya, gari kama kumi hivi, na mimi naunganisha moja kwa moja hadi Tukuyu kwa wazazi. Nakwenda na mama watoto na mtoto wa miaka mitatu, kwa hiyo si safari ya mimi na spika zangu tu.

Shida ni tairi. Zimekuja na gari. Kwa macho ni nzuri mno: kashata ndefu, na kila kashata imejaa vimistari vyembamba vya kupindapinda kama mtu kazichanja kwa wembe. Ukibonyeza kwa kidole gumba zinabonyea. Vijana wa pale ninapooshea gari wamenisifia hadi nikavimba kichwa. Ila nikienda nayo Bagamoyo wikendi, ikifika 100 nasikia mkia unacheza kwenye kona za kawaida kabisa, na mchana wa jua kali nikikanyaga breki inachelewa kushika kuliko Rav4 kuukuu niliyouza. Ubavuni zimeandikwa STUDLESS kwa herufi kubwa, halafu kuna kiduara cha umbo la yai kina namba 4711.

Sasa nimejichanga kwa ajili ya eksozi. Ipo moja Tabata ina mlio mzito wa kistaarabu, fundi ameshaniwekea pembeni. Hela hiyo hiyo ndiyo ingenunua tairi. Mama watoto kasema eksozi ikifungwa yeye na mtoto wanapanda basi. Nipeni hoja, za upande wowote.

BoxaTabata

Mkuu funga eksozi. SG5 bila mlio ni ya kubebea mkaa. Tairi zina kashata hizo, utakwenda na kurudi. Weka upepo 40 maana lami ya kule inachemka. Mimi Pasaka nimetoka Mlandizi hadi Chalinze na 140, na tochi za trafiki za kupima mwendo hazikuniona.

fundi_rimu

Boxa, mwenzio ana mtoto ndani ya gari. Tulia.

Mkuu Mnyaki, hizo ulizonazo ni tairi za theluji. Hilo neno ulilolisoma ubavuni ndilo linalozitambulisha, na hivyo vimistari vya wembe kazi yake ni kung'ata barafu. Japani mikoa ya baridi kila mwenye gari ana seti mbili, ya kiangazi na ya theluji, na gari likiuzwa mara nyingi linaondoka na ile isiyotakiwa. Naletewa gari za namna hiyo kila wiki, mwenyewe anajisifu tairi mpya.

Raba yake imetengenezwa ibaki laini kwenye baridi kali. Ukiileta kwenye lami ya Chalinze saa nane mchana inalainika kupita kiasi. Kashata ni ndefu, zimekatwakatwa na vile vimistari, kwa hiyo ukikata kona zinalala upande kabla gari halijageuka. Ndio huo mkia unaousikia. Ukikanyaga breki zinalala mbele, gari linaendelea kuteleza juu ya raba yake lenyewe. Na jinsi zinavyobonyea kidoleni, ndivyo zinavyopata joto ukitembea masaa.

Halafu 4711: wiki ya 47, mwaka 2011. Fanya hesabu mwenyewe. Mimi tairi ikizidi miaka kumi hata ikiwa haijagusa lami siifungi, mteja anune tu. Vuta kashata kwa vidole zitanuke, angalia chini kwenye mifereji: ukiona nyufa kama za ukucha, hata Bagamoyo usiende nazo.

Mnyaki wa Kimara

Nimeshuka na tochi ya simu sasa hivi. Nyufa zipo. Mbili za nyuma zina nyingi, za mbele kidogo.

Swali la mfuko: nikinunua mbili tu kwanza, nikafunga nyuma, za mbele nikamalizia Januari? Duka la kwanza Kariakoo wamenitajia laki tatu na ushee kwa moja, na hiyo ni ya kati, si ya jina kubwa.

fundi_rimu

Ingekuwa IST, ambayo nyingi huvutwa na miguu ya mbele tu, ningekwambia funga mbili nzuri nyuma, nyingine baadaye. Subaru hiyo inazungusha miguu yote minne muda wote. Tairi mpya na iliyokwisha zina mzunguko tofauti, kwa hiyo nyuma na mbele zinazunguka kwa kasi tofauti hata ukienda mbele moja kwa moja, na gia boksi ndiyo inayobeba huo ugomvi hadi ife. Nunua nne, saizi moja, aina moja. Kama kweli huna, subiri na safari isubiri.

Saizi ya gari yako iko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, nyingi za turbo ni 215/60 R16. Mwisho wa saizi kuna namba na herufi, mfano 95H. Hiyo H ni mwendo wa juu wa tairi, kilomita 210 kwa saa. Usikubali kushushwa herufi kwa sababu muuzaji ameishiwa. Na kabla hujalipa soma zile tarakimu nne, maana kuna mpya za dukani zimekaa stoo miaka.

Kibandiko hicho hicho kina upepo. Kimeandikwa 220 kPa au 2.2, kwenye geji ya kijiweni hiyo ni kama 32. Pima asubuhi gari likiwa limelala. Kijana akikwambia safari ndefu weka 40, mshukuru na uondoke: tairi inasimama katikati tu, pembeni haigusi lami vizuri. Na wale wanaopunguza eti joto litaongeza, hao ndio wanaopasukiwa, kwa sababu tairi yenye upepo mdogo inajikunja kila mzunguko na kuchemka zaidi.

Spea nayo itoe uiangalie. Kama ni ile nyembamba, ina maandishi ya mwendo wa mwisho 80, ni ya kukufikisha gereji. Kutoka Mafinga hadi Makambako si gereji.

Dereva wa Semi

Mimi ni wa lori, Dar–Tunduma. Ninyi wa misafara nawaona kwenye kioo tangu mbali, taa za bluu, mmefuatana tako kwa tako. Tairi mshaelezwa, mimi naongelea barabara.

Wa kwanza wenu akinipita, ameona mbele. Wa pili ameona mgongo wa wa kwanza. Wa tatu hajaona kitu, anapita kwa sababu hataki kuachwa. Basi linapotokea linamkuta huyo. Kila gari ipite kwa macho ya dereva wake. Ikibaki nyuma ibaki, wa mbele ndiye apunguze, na anayeongoza awe mwenye gari dhaifu kuliko zote, si mwenye STI, ile Subaru ya mbio.

Ukiniona nimewasha indiketa ya kushoto na nimeshika njia yangu, nakwambia mbele kweupe. Ya kulia, tulia, kuna kitu kinakuja. Lakini usiziamini sana: ya kulia inaweza ikawa nakata kuingia sheli, ya kushoto inaweza ikawa natafuta pa kusimama. Usiku lori linalokuja likiwasha ya upande wako, linakuonyesha ubavu wake unaishia wapi.

Matawi mabichi yakilazwa barabarani, hata tawi moja, toa mguu kwenye mafuta. Kuna mwenzetu kaharibikiwa mbele, pembetatu yake imeshapondwa au hana. Gari ndogo mnayakwepa matawi kwa kuhamia kulia na mwendo uleule, mnakutana uso kwa uso na mtu aliyekuwa na haki yake.

Mikumi mnakatiza hifadhi kama kilomita 50. Kibao cha faini za wanyama kipo, kila mnyama na bei yake kwa dola, someni mcheke lakini mpunguze. Swala akikatiza mbele yako, huyo ameshapita, mwangalie anayemfuata. Piteni kukiwa kumepambazuka vizuri, na jioni msikutwe mle.

Mlima Kitonga kupanda na turbo utafurahi, chunga tu mshale wa joto na usipite lori kwenye kona hata kama linatembea kama mzee. Hesabu ni kurudi. Umetoka Tukuyu na mchele wa Kyela, viazi, parachichi, mkungu wa ndizi wa bibi. Gari si lile uliloondoka nalo. Ukishapita Ilula, kabla hujaanza kushuka, rudisha gia kwenye 2 injini ishike gari. Breki gusa kwa nguvu, achia, gusa tena. Ukizilalia mlima mzima pedi zinachemka, na kama mafuta ya breki ni ya zamani yameshanyonya maji, nayo yanachemka na pedali inazama hadi chini. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta pa kuegesha palipo pana, kaa nusu saa. Usimwagie diski maji, itapinda.

Boxa na 140 yako: hata 120 ni mita 33 kila sekunde. Kabla mguu haujatoka kwenye mafuta kufika kwenye breki, umeshapita urefu wa semi yangu na tela lake, na bado hujaanza kupunguza. Ukitoka 60 kwenda 120 kazi ya breki si mara mbili, ni mara nne.

BoxaTabata

Sawa mzee, nimekusikia. Ila suala la mlio tutalirudia.

Mama Pacha

Na mimi nina Subaru, Impreza, na sisi wa kiti cha pembeni tuna la kusema.

Mnyaki, mtoto wa miaka mitatu hakai mapajani mwa mama, hata akiwa amefungwa mkanda mmoja na mama. Gari likisimama ghafla mama ndiye anayemponda. Nunua kiti, hata cha mtumba, lakini kiangalie mikanda yake isiwe na mchaniko na pale kinapobofywa pawe panafunga kwa sauti. Kifunge nyuma. Ukishakifunga kishike kwa mikono miwili ukitikise, kikicheza hujafunga. Mchele usikae nyuma yake bila kuzuiwa, gunia linaruka.

Jambo la pili ni simu. Kwenye msafara wetu wa Arusha kila gari lilikuwa na mtu anarekodi, na wawili kati yao walikuwa wanaendesha. Mwambieni kiongozi apange mtu wa kupiga picha anayekaa kiti cha abiria, picha mtagawana. Na kila masaa mawili mtu ashuke, hata kama hajachoka. Anayesema "mimi sichoki" mwangalieni macho yake Makambako.

Dereva wa Semi

Mama Pacha umenena. Na vijijini kuna kibao cha 50, trafiki anakaa mwisho wa kijiji ambako umeanza kuona porini na mguu umeanza kushuka. Hapo ni faini. Mimi hiyo hela nakulia kuku Ruaha Mbuyuni na vitunguu nanunua.

Mnyaki wa Kimara

Wakuu, mrejesho. Eksozi nimemwambia fundi aiuze. Kanijibu kwa emoji ya jeneza, nadhani la eksozi. Tairi nne nimepata Ilala, zimeandikwa 1825, 95H, na mafuta ya breki yamemwagwa yote yakawekwa mapya (ya zamani yalikuwa na rangi ya kahawa). Nimeipeleka Bagamoyo jana kwa jua lile lile, kona zile zile. Mkia umetulia. Mlio hakuna, lakini mama watoto ameanza kuchagua nguo za safari.

Kundi tumepanga tunakutana Kimara saa kumi na moja alfajiri ili tuikwepe foleni ya Kibaha. Mbele anakaa jamaa wa Legacy ya kawaida isiyo na turbo. Amelalamika sana kisha akakubali. Kiti cha mtoto bado naangalia, mwenye kizuri aje PM.

BoxaTabata

Mkuu hizo za theluji si bado zina kashata? Nipe bei, nina mteja wa Noah hapa mtaani.

Mnyaki wa Kimara

Siuzi. Leo jioni nazichana ubavu zote nne kwa kisu cha jikoni kabla hazijatoka getini, maana nikiziacha nzima kesho nitazikuta zimepakwa ile dawa nyeusi, zinang'aa, na mtu anaambiwa mpya kutoka Japani.