Ushauri: Miksa ya analogi inayoendeshwa kidijitali kwa studio ndogo

MidundoSinza:
Wakuu, habari za jioni. Nina studio ndogo hapa Sinza, narekodi Bongo Fleva na kwaya. Kila kitu nakimaliza ndani ya kompyuta. Sasa kuna jamaa anauza SSL Matrix iliyotumika, ile meza ya kuchanganyia sauti ya kampuni ya Solid State Logic, na roho imeshaipenda. Sauti inapita kwenye analogi, ila feda (vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti) zina mota na mpangilio unahifadhiwa. Mteja akirudi baada ya mwezi, "kaka niongezee vokali kidogo", nafungua wimbo wake na feda zinakwenda mahali pake zenyewe. Mnaonaje, au najitafutia madeni?

FundiMitambo:
Mkuu, jua kwanza unanunua nini. Hiyo haina priampu za maikrofoni (za kukuza sauti dhaifu ya maiki), haina ikyu (ya kurekebisha besi na sauti kali). Ukitaka hivyo ndani ya meza moja, ongelea AWS 900 ya SSL hao hao, ya 2004, chaneli 24, na bei yake usiniulize. Matrix ina chaneli 16. Kazi yake ni kuchanganya sauti, kuongoza programu yako ya kurekodia, na kukupangia kompresa (kifaa cha kusawazisha sauti inayopanda na kushuka) na vifaa vingine vya nje kwenye chaneli unayotaka bila kuchomoa waya. Vifaa hivyo unavyo? Na saundi kadi yako ina njia ngapi za kutolea sauti?

MidundoSinza:
Kompresa moja. Njia 8.

BintiWaTemeke:
Kwa 8 utaanza: ngoma stereo, besi peke yake, vinanda stereo, vokali kubwa, waitikiaji stereo. Zimeisha! Halafu huko kuhifadhi mpangilio kusikudanganye kaka. Inakumbuka mambo yake yenyewe tu. Vifundo vya kompresa yako haivijui. Mimi kila nikimaliza kumiksi navipiga picha kwa simu, naiweka kwenye folda ya wimbo.

SingeliTupu:
Watu wanasikilizia kwenye simu na spika za bajaji, nyie mnaongelea analogi 😂 Hela hiyo tengeneza chumba. Jaza pamba nzito kwenye kona, maana trei za mayai haziigusi besi hata kidogo.

BintiWaTemeke:
@SingeliTupu kwenye chumba nakuunga mkono. Kwenye spika za bajaji hapana, miksi mbovu huko ndiko inakoumbuka zaidi.

MzeeWaNyaya:
Umeme je? Tafuta UPS ile inayolisha mitambo kupitia betri muda wote, siyo ile inayohamia kwenye betri baada ya umeme kukatika. Kiyoyozi kiwe na laini yake. Na ukifunga studio funika meza, vumbi likichanganyika na unyevu wa Dar feda zinakwama.

FundiMitambo:
Mzigo upo nchini au uko njiani? Ukiuingiza wewe, kuna ushuru na VAT ya 18% juu yake.

MidundoSinza:
Upo Mikocheni, Jumamosi naenda kuujaribu. Anasema feda ya 11 inasuasua "kidogo tu".

FundiMitambo:
Basi nenda na laptopu na waya wa mtandao. Hifadhi mipangilio miwili, mmoja feda zote juu, mwingine zote chini, uwe unabadilisha huku na huku ukiangalia zote 16. Itakayochelewa au kutetemeka andika namba yake. Hiyo ya 11 usimpe hela kabla hajaonyesha fundi atakayeibadilisha, na kifaa chenyewe kitatoka wapi.

MidundoSinza:
Nimekusoma mkuu. Kuna mtu ana waya wa DB25 (ule wa plagi ya pini 25, wa kuunganishia meza) wa kuazima mpaka Jumapili?

MzeeWaNyaya:
Njoo inbox.